Mabomba Magumu ya Kalesi

Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia na kufungua dirisha la mbele, Tulia aliilaza kompyuta yake ubavu juu ya meza ya kupigia pasi, akaweka beseni chini, akakata mpira wa maji wa kwanza. Maji yaliyotoka hayakuwa mengi. Yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili, na yalinuka plastiki. Aliyaacha yachuruzike huku akisikiliza watoto wa jirani wakigombania baiskeli, kisha akaing'oa mipira yote iliyobaki na kuilaza juu ya gazeti.

Kompyuta hiyo alikuwa ameiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, hapo hapo kwenye chumba chake cha kazi, mtaa wa Ibighi mjini. Alikuwa anachora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu aliyeko Dar es Salaam akitaka kujenga kwao Rungwe humtumia ramani, na Tulia humrudishia picha inayotembea: geti linafunguka, pazia linapepea, migomba inatikisika nyuma ya jiko. Kazi ya namna hiyo huchemsha mashine, na ndiyo maana ya kwake ilipozwa kwa maji, kama gari. Pampu ndogo ilisukuma maji yakapita juu ya prosesa na juu ya kadi ya picha, yakabeba joto mpaka kwenye rejeta, feni zikalipuliza nje, na maji yakarudi kwenye tangi dogo linaloonyesha ndani.

Kwa miaka kadhaa maji hayo yalipita kwenye mipira laini. Mpira ni rahisi: unakata, unachomeka, unakaza. Lakini mpira unazeeka. Ya Tulia ilikuwa imeingia ukungu, na karibu na pampu mmoja ulikuwa umejikunja, ukawa unabana maji. Mashine ikaanza kuzima yenyewe katikati ya kazi. Kwa hiyo aliagiza mabomba magumu, yale ya plastiki angavu kama kioo, yakaja na basi kutoka Dar yakiwa yamefungwa ndani ya bomba nene la maji taka ili yasivunjike njiani. Bomba gumu halijikunji. Unalipasha moto, unalipinda unavyotaka, likipoa linabaki hivyo.

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Kampuni ya parachichi ilimtaka achore awamu ya pili ya shamba lao.

Awamu ya kwanza aliichora yeye vilevile. Shamba lilikuwa kijijini kwao, upande wa Masukulu, ambako mama yake, mama Ikupa, bado anaishi. Kampuni ilimpa ramani na maelekezo, naye akachora miparachichi iliyopangwa mistari, bwawa linalometameta, na pembeni, kama alivyoelekezwa, bomba la wanakijiji: kizimba cha saruji, koki ya shaba, wasichana wawili wenye ndoo za njano wakicheka. Picha hiyo ilionyeshwa kwenye mkutano wa kijiji, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani mwa shule. Mama Ikupa alikaa mstari wa mbele akapiga makofi kuliko wote, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mwanawe. Watu wakakubali. Baada ya hapo uzio ukajengwa, na kijito cha Kalesi, ambacho kijiji kizima kilikuwa kinakunywa, kikaelekezwa kwenye bwawa la kampuni. Bwawa lilikuwa zuri kama lilivyochorwa. Bomba halikujengwa.

Tangu hapo mama Ikupa alikuwa anashuka bondeni na ndoo, kwenye chemchemi ya mbali yenye njia ya utelezi. Hakuwahi kumlaumu mwanawe. Ila kila walipoongea kwa simu, baada ya kuulizana hali na kabla ya kuagana, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na lile bomba lako, limefika wapi?"



Siku hiyo ya Jumamosi alianza kupinda. Fahadi, fundi simu mwenye duka karibu na soko, alikuwa amemwazima bloa ya kupulizia joto, akaja nayo mwenyewe ili aone.

"Joto lizunguke, dada Tulia," alimwambia. "Ukiganda sehemu moja linaungua."

"Najua."

Alipima kwa rula, akaweka alama kwa kalamu, akaingiza kamba ya mpira ndani ya bomba ili lisibonyee, akalizungusha mbele ya bloa. Bomba lilipolegea alilipinda kwenye kona ya ubao, digrii tisini kamili, akalishikilia mpaka likapoa. Alipoliachia lilikuwa tisini. Alipogeuka kuchukua msasa alainishe ncha, likawa limepinda kwingine, na pale alipopinda yeye likawa limenyooka.

Fahadi alilitazama. "Plastiki ya siku hizi," alisema.

Tulia alichukua jingine. Nalo lilikubali kona mpaka likapoa, kisha likajivuta taratibu, likaingia kushoto kidogo, likarudi, likaacha kitumbo katikati, mithili ya njia inayokwepa kitu. Alilipasha tena, likarudia umbo lile lile. Alijaribu kulipoza kwa kitambaa kibichi. Alijaribu kulifunga kwenye ubao kwa kamba mchana kutwa. Kamba ilipofunguliwa bomba lilijivuta kama mtu aliyelala vibaya, likashika njia yake.

Jumatatu aliendelea. Alifunga mlango wa mbele ili wateja wasimkatishe, akazima na simu. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa joto, akavipaka asali na kuvifunga vitambaa. Mabomba aliyoagiza yalikuwa yanapungua, na kila kipande alichokata kilimtazama kikiwa na umbo lake, hakuna kilichofanana na kingine. Fahadi alipopita jioni kuulizia bloa yake alikuta sakafu imejaa unga wa plastiki na Tulia amekaa chini, msumeno mapajani.

"Rudisha mipira tu," alisema Fahadi. "Nina mpira mzuri dukani, mnene. Kesho mashine inawaka."

"Mpira sirudishi."

"Hata kama haya hayataki?"

"Yanataka," alisema Tulia. "Sijajua tu yanataka nini."

Siku iliyofuata hakuchukua rula. Alichukua bomba, akalipasha lote tangu mwanzo hadi mwisho, akashika ncha mbili tu kwa glavu, na kuliacha. Liligeuka lenyewe mkononi mwake bila haraka, likapanda, likashuka, likazunguka kama linalotafuta. Lilipotulia alilipeleka kwenye kompyuta. Ncha moja iliingia kwenye pampu, nyingine ikaingia kwenye prosesa, bila kukata, bila kulazimisha. La pili likatoka prosesa likaenda kwenye kadi ya picha kwa njia ndefu ambayo hakuna fundi angeichagua. La tatu likafika kwenye rejeta. La nne likarudi tangini. Hakuna lililogusa jingine. Tulia alikaza nati kwa mkono, akarudi nyuma hatua chache, akaona kwamba kazi ilikuwa nzuri kuliko aliyokuwa ameikusudia.

Alijaza tangi kwa maji ya betri aliyonunua kituo cha mafuta, kwa kuwa hayo hayana chumvi. Akatandika karatasi za chooni chini ya kila kiungio ili tone likidondoka lionekane. Akawasha pampu peke yake. Maji yalivutwa kwa mlio, mapovu yakakimbizana kwenye kona, kisha yakatulia. Karatasi zilibaki kavu mpaka adhuhuri. Akawasha mashine yote, akaipa nyumba ya ghorofa ya mteja mmoja wa Mwanza, yenye madirisha mengi, na mashine ikaichora bila hata feni kupandisha sauti. Mkono wake juu ya rejeta ulihisi baridi, ile ya maji ya asubuhi mwezi wa sita.

Ndipo maji yalipoanza kupanda tangini. Tangi lilijaa, likasukuma kifuniko, likamwagika. Tulia aliweka beseni. Beseni lilijaa. Alifungua koki ndogo ya kumwagia maji iliyokuwa chini ya mashine, akaweka ndoo, nayo ikajaa. Ndani ya ndoo kulikuwa na jani la kangaga la porini na kaa mdogo wa kahawia, ambaye alitembea ubavu mpaka ukingoni, akasimama. Tulia alimpigia simu Fahadi.

Fahadi alikuja, akachungulia ndani ya mashine, akafuata bomba kwa kidole. "Maji hayajagusa umeme?"

"Hayajagusa."

"Basi si tatizo la umeme." Alichota maji kwa kikombe, akanusa, akaonja. "Haya si ya betri tena. Haya ni ya mtoni." Alifikiri kidogo. "Ila mto ukishaingia kwenye mashine, dada, waranti ndiyo basi."

Walichemsha maji hayo wakanywa chai. Jioni majirani wawili walikuja na madumu, kwa kuwa maji ya bomba la mtaa yalikuwa yamekatika tangu juzi, na Tulia akawajazia. Mmoja aliuliza kama maji yatakuwepo na kesho. Tulia alisema haoni sababu ya kutokuwepo, mradi umeme upo.

Mama Ikupa alikuja mjini siku ya soko, na ndizi zake na maparachichi machache ya mti wa nyuma ya nyumba. Alimaliza kuuza mapema, akapita kwa mwanawe kabla ya kurudi. Alipoingia alianza kusalimia kama kawaida, "Ndaga, mwanangu," halafu akasikia maji. Aliweka kapu chini, akainamisha kichwa kwenye kompyuta kama anayesikiliza tumbo la mtoto.

Fahadi naye alikuwepo, anarekebisha simu mezani. Alimwamkia: "Shikamoo, mama."

"Malahaba, baba. Mpila ule wa samani ulikuwa unambana," alisema mama Ikupa kwa Kiswahili chake. "Sasa anapumua."

"Nani, mama?" aliuliza Tulia.

Mama Ikupa alimjibu kwa Kinyakyusa, kwa kuwa jambo lilikuwa la nyumbani. Aliweka kidole juu ya bomba la kwanza, palipo na kona kali. Hapa, alisema, ndipo Kalesi anapotokea chini ya mwamba. Kidole kikasogea. Hapa anakwepa shamba la marehemu Obed, aliyemkataza kupita katikati ya mahindi yake, wakagombana mpaka Kalesi akazunguka. Hapa ndipo pana jiwe tulilokuwa tunafulia. Hapa ulianguka wewe ukiwa na miaka mitatu, nikakuvuta kwa gauni. Kidole kilifika pale bomba linapoingia kwenye rejeta, kikasimama. "Na hapa," alisema, "ni uzio."

Tulia aliangalia. Alikuwa na ramani ya shamba kwenye mashine hiyo hiyo tangu awamu ya kwanza. Aliifungua kwenye kioo, akalinganisha. Mabomba manne yalifuata kijito kona kwa kona, hata kile kitumbo alichokipasha moto mara nyingi akitaka kukiondoa. Kile kitumbo kilikuwa shamba la Obed.

Mama Ikupa alichota kiganja cha maji akanywa. Akachota tena, akajipangusa uso. Hakulia wala hakucheka. Alisema, "Amechoka mjini. Mrudishe nyumbani."

"Nitamrudisha," alisema Tulia.

Kesho yake Prosper, afisa uhusiano wa kampuni, alifika kwa gari jeupe kuulizia awamu ya pili. Prosper alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, anasalimia kila mtu kwa jina. Alikubali kikombe cha maji, akayasifu. Alipoambiwa yanatoka wapi alisogea kuiona kompyuta, akasema imependeza sana, hasa mabomba.

"Bwawa lenu limepungua?" aliuliza Tulia.

"Hapana. Limejaa vizuri tu." Alitoa ramani mpya, akaitandaza mezani. Awamu ya pili ilifika mpaka kwenye kijito kingine, cha kijiji cha jirani. Pembeni ya ramani mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: bomba la wananchi. "Lile bomba lako la mara ya kwanza liligusa watu sana, dada Tulia. Bodi wanataka lile lile. Labda uongeze na watoto."

"Lile la kwanza lilijengwa lini?"

"Lipo kwenye mpango."

"Mlijenge. Mkishalijenga nitachora la pili."

Prosper alitabasamu kwa huruma. "Dada yangu, picha haichorwi baada ya jengo. Ukishaliona kwa macho, picha ya nini?"

"Basi sichori."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Prosper hakukasirika. Alikunja ramani yake taratibu, akamshukuru kwa maji, akaenda kumtafuta kijana mmoja wa Mbeya ambaye pia anachora vizuri.

Tulia alikodi Noah ya jirani, wakakunja viti vya nyuma. Kompyuta aliifunga kwa blanketi, mama Ikupa akaipakata njia nzima, mikono miwili, na kila gari liliporuka shimo alisema "polepole" kwa dereva, ingawa dereva alikuwa tayari anakwenda polepole. Maji yaliendelea kusikika ndani ya blanketi japo mashine ilikuwa haijachomekwa popote, ila kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea peke yake.

Waliiweka sebuleni kwa mama Ikupa, juu ya meza ya televisheni, karibu na dirisha. Televisheni ilihamia chumbani. Tulia alivuta mpira kutoka kwenye koki ukatoka dirishani hadi barazani. Mpira huo ulikuwa ule mnene wa dukani kwa Fahadi; kwa kazi ya nje alikubali kwamba unafaa. Alipochomeka waya na kubonyeza, maji yalitoka kwa nguvu kuliko Ibighi, baridi, na jioni hiyo nyumba zote za jirani zilipika kwa maji ya Kalesi.

Maisha yakajipanga upya kuzunguka jambo hilo. Asubuhi wanawake na vijana walipanga ndoo barazani, wakasalimiana, wakapashana habari za mahari na misiba kama walivyokuwa wakifanya zamani mtoni. Tulia alibaki kijijini, akafanya kazi zake pale pale. Aligundua kwamba anapochora nyumba kubwa maji hutoka ya uvuguvugu, kwa hiyo kazi nzito aliiacha mpaka watu watake kuoga. Kaa walipotoka kwenye koki, watu waliwarudisha kwenye tangi. Umeme ulipokatika, mto ulisimama, na walioweka ndoo walikaa kitako wakangoja. Bibi mmoja mwenye kisirani alisema zamani mto haukungoja umeme. Wakamwambia zamani mto haukuwa ndani ya kompyuta, akakubali kwamba hilo ni kweli.

Lakini Tulia hakuwa amerudi kwa ajili ya ndoo tu. Alikuwa na neno la kumwambia Hosea, mtendaji wa kijiji, ambaye lalamiko lake la kwanza kuhusu mto lilirudishwa na wilaya. Alimwita, akamketisha mbele ya mashine, akamwonyesha mabomba upande huu na ramani upande ule.

"Angalia mwenyewe. Hapa Kalesi anaingia kwenye uzio. Kila kona ipo. Nani atasema sasa hakuna mto uliozibwa?"

Hosea alikuwa mtu mzuri. Alikuwa amesoma na Tulia, na mama yake mzazi alikuwa anashuka bondeni kama wengine kabla ya kompyuta kuja. Aliinama, akafuata bomba kwa macho mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ni Kalesi," alisema. "Hapo hata kipofu angeona."

"Basi tulipeleke lalamiko upya. Tuwaambie waje waone."

"Nitalipeleka."

Alilipeleka kweli. Tulia alimchapia picha za mabomba, akazitia kwenye bahasha, na Hosea akavaa koti lake la mikutano, akapanda pikipiki, akaondoka na mvua ikinyesha. Kwa muda hakukuja jibu. Tulia alimpigia, akampigia tena, akaenda ofisini kwake, akaenda na kwa wakubwa wa Hosea, akakaa kwenye benchi mpaka walipofunga. Aliambiwa suala linashughulikiwa. Akarudi siku nyingine, akakaa tena kwenye benchi. Mlinzi alimzoea, akawa anamtolea kiti.

Kisha kundi la maofisa wa wilaya lilikuja kijijini na magari mawili kuona. Waliingia sebuleni kwa mama Ikupa wakiwa wamevua viatu. Mmoja, mwenye miwani, aliuliza uwezo wa pampu. Mwingine alipima kasi ya maji kwa ndoo na saa ya mkononi, akasema inaridhisha. Walikunywa, wakasifu, wakapiga picha na mabomba. Hakuna aliyekwenda kwenye uzio, japo Tulia aliwaonyesha njia kwa mkono na kusema ni hapo tu, nyuma ya migomba.

Baada ya wiki kadhaa Hosea alikuja barazani akiwa bila koti. Alikaa kwenye kigoda akazungusha kofia mikononi.

"Wamefunga lile lalamiko," alisema.

"Wamelifunga vipi?"

"Wanasema lalamiko lilikuwa la kijiji kukosa maji." Aliangalia mpira uliokuwa unamimina kwenye dumu la mtu. "Na kijiji kina maji. Wamekuja wameyapima."

 Ndani ya nyumba pampu ilikuwa inanguruma kwa upole. "Lalamiko lilikuwa la mto, Hosea. Uliandika mto."

"Niliandika mto. Wao walisoma maji."

"Nikizima hii mashine je? Nikiichomoa sasa hivi?"

Hosea aliangalia foleni, na foleni, iliyosikia, ikawaangalia wao. Mama wa kwanza mwenye zamu alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na dumu lake lilikuwa nusu. Tulia aliinuka, akaingia ndani, akasimama mbele ya mashine, mkono juu ya swichi ya ukutani. Mabomba yalikuwa yanang'aa na kona zake zote.  Kisha akatoa mkono, akachukua kitambaa, akapangusa vumbi juu ya rejeta, akatoka nje.

"Nitaandika mimi mwenyewe," alisema. "Na nitaandika tena."

"Andika," alisema Hosea. "Nitagonga mhuri."

Aliandika, Hosea akagonga mhuri, na majibu yalikuja yakisema kwamba mradi wa maji wa kijiji unafanya kazi kwa mafanikio.

Neno hilo, mradi, ndilo lililoileta kampuni. Prosper alirudi na shati lake lililonyooka na habari njema: kampuni iko tayari kuuzindua mradi rasmi, na kugharamia turubai, viti na chakula. Tulia alimwambia hakuna mradi, kuna mto wa watu ndani ya mashine yake. Prosper alisema anaelewa kabisa, na kwamba hiyo ndiyo lugha atakayoitumia kwenye hotuba. Mama Ikupa aliulizwa kama uwanja wake utumike. Aliuliza kama mgeni rasmi atakuwa mtu mkubwa. Akaambiwa mkubwa sana. Akasema basi na waje, ana neno la kumwambia.

Siku ya uzinduzi mvua ya usiku ilikuwa imeacha uwanja na matope, wakamwaga maranda. Ubao uliwekwa mbele ya nyumba, wa rangi ya kijani, una jina la kampuni kwa herufi kubwa na maneno MRADI WA MAJI YA WANANCHI. Sebuleni kompyuta ilifungwa utepe mwekundu kwenye koki, na waandishi walibanana dirishani na kamera. Fahadi alikuja kutoka mjini, akakagua nati zote kabla ya wageni kuingia, kwa sababu hakutaka kazi ya dada Tulia ivuje mbele ya watu. Kijana wa Mbeya alikuwepo pia. Alionyesha awamu ya pili kwenye skrini kubwa, yenye bomba na watoto, na wanakijiji wa kijiji cha jirani, walioletwa kwa kenta, walipiga makofi.

Prosper alizungumza vizuri. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alizungumza kwa muda mrefu. Kisha ratiba ikasema neno la shukrani kutoka kwa mnufaika, na Hosea, aliyekuwa mshereheshaji, akamwita mama Ikupa.

Alisimama na kitenge chake kipya. Aliomba radhi kwamba Kiswahili chake si kirefu, hivyo atasema kwa Kinyakyusa na mtendaji atafsiri. Mgeni rasmi aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Tulia, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliacha waya aliokuwa ameushika.

Mama Ikupa alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magari: "Ninaushukuru mto, maana umejua njia ya kurudi bila kuonyeshwa. Ninamshukuru mwanangu aliyeufungulia mlango. Ninyi mlioujengea uzio, nimetafuta cha kuwashukuru, sijakiona. Maji tumepata. Mto hatujapata. Mimi nautaka mto, na nitaudai mpaka mnizike, na mkinizika, nizikeni upande wa pili wa uzio, nikaudai nikiwa huko."

Akamgeukia Hosea.

Hosea alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimwangalia mama Ikupa, akamwangalia Tulia mlangoni, akamwangalia mgeni rasmi, ambaye alikuwa anangoja huku akitabasamu. 

"Mama anasema," alisema Hosea, "anashukuru sana."

Wanakijiji, waliosikia Kinyakyusa, walimpigia makofi mama Ikupa kwa aliyoyasema. Wageni, wasiokijua, walimpigia makofi kwa aliyoyasema Hosea. Kwenye video iliyorushwa jioni makofi hayo yanasikika mamoja, marefu, na ya furaha. Kisha mgeni rasmi akaingia ndani, akakata utepe, akafungua koki, na watu wakaanza kupanga ndoo.